Ondulere Iliyolia Kila Saa Nne

Nilipokabidhi funguo za chumba cha mashine hapa mjini Baraka mwezi uliopita, vijana wa ofisi waliniandalia soda, keki na hotuba tatu. Katika hotuba zote tatu niliitwa maktaba ya shirika, na maktaba, kama mnavyojua, ni mahali ambapo ninyi hamuingii. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Vyeo nilivyopitia nitaviruka, maana havitawasaidia kitu mbele ya mashine inayolia. Nitaandika juu ya kulia kwenyewe.

Ninyi mnafanya kazi na ondulere zenye kioo. Kioo kinawaambia mzigo ni asilimia ngapi na betri imebakiza dakika ngapi, na nadhani siku moja kitawauliza kama mmekula. Ya kwetu ilikuwa sanduku la bati lenye rangi ya chai ya maziwa, taa ya kijani, taa nyekundu na sauti, basi. Kazi ilikuwa ileile ya zenu: grupu, yaani jenereta, likizimwa, ondulere inashika umeme kwa betri ili seva isianguke. Betri yake ndogo ya kiwandani ilikuwa imekufa zamani. Fundi wetu, Papa Asukulu, aliiunga na betri mbili za lori zilizokaa sakafuni kando yake, na kwa hizo tulifanya kazi asubuhi nzima bila kuchoma mafuta.

Papa Asukulu ndiye aliyenipokea. Alikuwa fundi umeme wa garimoshi kule Kalemie mpaka garimoshi zilipoacha kupita, na zana zake zote zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga: bisibisi mbili, koleo, na balbu ndogo yenye nyaya mbili ya kupimia kama umeme upo. Mimi nilikuja na diploma ya ualimu na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu niliyoisomea Uvira, na nilijiona nimeiva.

"Ikala hapa, mama," aliniambia akinionyesha kreti. "Usiguse kintu. Sikiliza."

Nilikaa mpaka mchana. Akarudi, akauliza nimesikia nini. Nikasema mashine inasema pi, pi.

"Mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Siku ya pili nilikaa tena kwenye kreti.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza vilio vitatu. Pi moja, kimya, pi moja, maana yake grupu limezimwa na ondulere inatumia betri, ni habari tu. Pi za haraka haraka, betri inakwisha, okoa kazi yako. Kilio kirefu kisichokatika, na taa nyekundu juu yake, mzigo umezidi: kuna mtu amechomeka kitu ambacho sanduku haliwezi kukibeba. Hicho cha tatu Papa Asukulu alikiita kilio cha ugomvi, kwa sababu kila mara mwisho wake palikuwa na mtu anayesema si yeye.

Baadaye alinipa daftari na kunitambaza chini ya meza zote kusoma vibandiko. Kila kitu cha umeme kina kibandiko mgongoni kinachosema kinakula wati ngapi. Ondulere yetu ilibeba wati mia sita. Seva ilikula mia mbili, kioo chake kikubwa tisini, printa ya sindano arobaini, balbu ya jikoni arobaini, feni ya mezani arobaini. Nilipiga hesabu hizo mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikisalimiana na mtu mnene ninatafuta kibandiko.

Kosa langu la kwanza mnalijua, maana ninyi nyote mmelifanya. Mgeni mmoja kutoka Bukavu alikuja na printa ya leza, nikaichomeka kwenye ondulere kwa adabu ya kumpokea. Printa ya leza ina jiko ndani yake la kukaushia wino. Ondulere ililia kilio kirefu, ikakata kila kitu, chumba kikawa kimya, na katika ule ukimya Papa Asukulu akauliza kutoka barazani kama nimeolewa, maana kazi hii huenda isinifae. Tangu siku hiyo sheria ikawa moja: kinachotoa joto hakiguswi na ondulere. Iandikeni ukutani.

Sasa niseme seva ilibeba nini. Vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimechoka lakini havijalala, na shirika letu lilikuwa na kazi ya kutafutana. Watu wa Fizi walikuwa wamekimbia huku na huku, wengine milimani, wengine kwa mitumbwi hadi kambi za ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na njiani mikono iliachana. Seva ilishika majina: nani anamtafuta nani, na nani ameonekana wapi. Siku moja tulipolazimika kuihama Baraka kuelekea juu, Fizi, betri na ondulere tulizificha, ila seva niliifunga mgongoni kwa kitenge. Kwenye kivuko cha mto mama mmoja aliniuliza, "Mutoto iko na myaka ngapi?" Nikamjibu kweli tupu: miwili. Akanipisha mbele yake.

Tuliporudi, aliyetupikia ofisini alikuwa Mama Nyasa. Alimpoteza binti yake Mlasi kwenye kukimbia: mtoto alishikwa mkono na kundi lililoelekea bandari ya Kazimia, mama akasukumwa na kundi la milimani. Mlasi alikuwa na miaka mitano. Ilipofika wiki ninayoisimulia ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili na nusu, na Shefu wetu, mkuu wa ofisi, alikuwa amemnong'oneza Mama Nyasa neno moja tu: yupo. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa kusema mpaka orodha itoke.

Orodha ilikuwa hivi. Kila asubuhi ya wiki ambayo mashua ya kuwarudisha watoto ingevuka, kuanzia saa mbili, wenzetu wa ng'ambo walisoma kwa redio habari za watoto walio tayari kurudi, naye Shefu akazichapa kwenye seva na kuzilinganisha na zetu, moja moja. Alhamisi orodha ichapishwe, ipigwe muhuri, na mtu wa pikipiki aondoke nayo saa sita kamili kwenda Kazimia ili afike kabla ya giza. Ijumaa mashua ingevuka nayo. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha habebwi, na hakuna aliyejua kama mashua nyingine ingekuwapo, maana njia ilifunguka na kufungwa wanavyotaka wenye bunduki. Mtauliza kwa nini hatukuandika kwa mkono. Orodha ya mkono ilikataliwa tangu siku moja ilipofika ng'ambo ikiwa na majina mengi kuliko yale iliyoondoka nayo.

Jumatatu saa nne asubuhi ondulere ikalia kilio kirefu. Nilipofika mlangoni ilikuwa imekata. Seva ikaanguka, na kila alichochapa Shefu tangu saa mbili kikaenda nayo. Seva ya siku zile ikiinuka baada ya kuanguka ilijikagua polepole, zaidi ya saa nzima, kama mzee anayetafuta miwani. Jumanne wenzetu wakasoma upya tangu jina la kwanza, na saa nne, vilevile. Papa Asukulu hakuwapo, alikuwa amepanda Fizi kutengeneza redio. Kabla ya kuondoka aliniachia kopo lake la zana, jambo ambalo lilinitisha kuliko kilio chenyewe.

Nilichomoa kila kitu, nikachomeka kimoja kimoja nikitazama taa nyekundu. Haikuwaka. Nilipiga hesabu za daftari: wati mia nne na kumi, tena za halali. Nikamgeukia Shefu, mtu mwenye mwili na jasho, ambaye feni ya mezani ilikuwa raha yake pekee katika utumishi.

"Shefu, nitakamata feni."

"Feni ni wati ngapi?"

"Makumi ine."

"Na mi niko wati ngapi nikizimia hapa?"

Niliichukua. Jumatano saa nne seva ikaanguka bila feni, na Shefu akaanza kujipepea na folda. Mama Nyasa aliingia na chai, akaona kioo cheusi, akauliza kama majina yapo. Nikamwambia yapo. Akaniwekea chai mezani, na mimi niliona aibu ambayo sijaisahau, kwa sababu nilikuwa nimemjibu bila kujua.

Alhamisi nilifanya nilichofundishwa siku ya kwanza. Saa nne kasoro nilikalia kreti, nikanyamaza. Nyuma yangu redio ilikuwa inasoma majina na Shefu anachapa. Ilipofika saa yake, kilio kikaanza. Nikahesabu. Kilifika kumi na tano, kikakatika chenyewe. Kimya. Nikahesabu hadi arobaini, kikaanza tena.

Hapo nikaelewa. Seva haipumziki, balbu haipumziki. Kinachovuta, kikatosheka, kikaacha, halafu kikavuta tena, ni kitu kinachojipasha moto. Mahali fulani kwenye waya wangu palikuwa na kitu cha joto, na safari hii kilikuwa bado hakijaimaliza ondulere. Nilibakiwa na dakika chache.

Nilifuata nyaya kwa mkono, meza hadi meza, mpaka ule mmoja niliouandika daftarini kwa miezi yote: "jikoni, balbu moja". Jikoni sikuwa nimewahi kukagua. Kwetu jiko la mtu mzima haliingiwi ovyo, nami niliheshimu jiko la Mama Nyasa kuliko nilivyoheshimu ondulere, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Yeye mwenyewe hakuwapo, sufuria ilikuwa inachemka peke yake. Nyuma ya gunia la makaa nikaona ralonji nyeupe, waya wa kurefushia umeme, imeungwa kwenye waya wa balbu, kwa ufundi mzuri tu, ikatoka kwa tundu la maji machafu kwenda nje.

Nikatoka nayo. Nje ya ukuta ilipita kwanza kwa kinyozi, Papa Etabo, aliyekuwa amemnyoa mteja nusu kichwa.

"Papa Etabo, huyu umeme ulitoka wapi?"

"Kwa Mama Nyasa," akajibu bila wasiwasi. "Tuliomba moto."

Hapa lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa na kiberiti mfukoni. Sisi tulikua tukiombana moto. Asubuhi unapita kwa jirani na kigae, unasema hodi, unachukua kaa moja, unakwenda kuwasha kwako. Hakuna anayekunyima na hakuna anayekuandika, kwa sababu moto wa jirani haupungui kwa kaa moja. Basi ofisi yetu ilikuwa na umeme pekee mtaa mzima, na Mama Nyasa, aliyelala kwa majirani hawa na kula kwao wakati hana hata sufuria, aliombwa moto akatoa. Hakuna aliyeiba. Walikosea jambo moja tu, kwamba umeme wa betri unapungua kwa kila kaa.

Mashine ya kunyolea ilikula wati kumi. Nikampita Papa Etabo. Ralonji ikaunganishwa na nyingine, ikapita nyuma ya chumba cha kwaya ambako kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa mpaka Jumamosi, ikaingia kwa Mama Sifa fundi cherehani, ambaye hufungua kazi saa nne akitoka shamba. Mama Sifa alikuwa na pasi ya umeme aliyoletewa na kaka yake kutoka Kigoma, pasi nzuri yenye kichwa chekundu, iliyokaa miaka kwenye kabati kama picha ya harusi. Sasa alikuwa ameishika mkononi na inatoa mvuke. Sikuhitaji kusoma kibandiko, lakini nilikisoma: wati elfu moja.

Mbele yake alisimama Mama Nyasa. Alikuwa ameweka kiganja hewani, usawa wa mbavu zake, akipima kitu ambacho hakikuwapo.

"Hapa," alikuwa anasema. "Apana, ongeza. Mutoto wa dada yangu iko na myaka nane, anafika hapa."

Mezani kulikuwa na gauni dogo la njano lenye mikunjo kiunoni. Mama Sifa alinitazama kwa uchovu.

"We mama, musaidie. Siku ya tatu anabadilisha kipimo. Jumatatu nilishona kadogo, nikapiga pasi. Jumanne akasema mutoto amekomaa, nikafungua yote, nikapiga pasi. Jana tena. Hii mikunjo bila pasi haikamate."

Jumatatu, Jumanne, jana. Nilisimama pale nikiwa na ralonji mkononi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na muda wa hata kimoja.

"Mama Sifa, chomoa pasi."

"Bado upande moya."

"Chomoa. Njo yenyewe inaangusha seva."

Mama Nyasa alielewa kabla yake. Kiganja chake kikashuka. Akaushika waya na kuuchomoa mwenyewe, ukutani, kwa nguvu, mpaka chokaa ikadondoka.

"Mi njo nilikuwa nafuta jina la mutoto wangu?" akaniuliza.

"Haukufuta. Uliichelewesha tu. Jina iko."

Hapo nilikuwa sijui kama seva imesimama au imeanguka. Nilirudi mbio, kitenge mkononi, nikampita Papa Etabo na mteja wake mwenye nusu kichwa, na sasa waya wa mashine ya kunyolea pia nilikuwa nimeukanyaga ukachomoka. Chumba cha mashine kilikuwa kimya. Halafu nikasikia pi moja, kimya, pi moja. Habari tu. Shefu alikuwa bado anachapa, folda kwapani, jasho kidevuni, na redio bado inasoma.

Alimaliza saa tano na dakika ishirini. Nilimrudishia feni. Printa ya sindano ikaanza kupasua hewa mstari baada ya mstari, na Mama Nyasa na Mama Sifa walisimama mlangoni pamoja na wengine waliongoja majina ya watoto wao, wa Baraka na wa milimani, hakuna aliyeketi. Mstari wa kumi na nne ulisema: Mlasi, mama Nyasa, kovu dogo goti la kushoto, kimo sentimita mia moja ishirini na moja.

Nilimsomea. Alilishika goti lake mwenyewe la kushoto. Mama Sifa akatoa utepe wake shingoni, akashusha hadi mia moja ishirini na moja, akausimamisha mbele ya mwenzake kutoka sakafuni. Ulifika usawa wa mbavu, chini kidogo ya pale kiganja kilipokuwa hewani.

"Ilikuwa ya Jumanne," Mama Sifa akasema. "Mi nilisha kukuambia ya Jumanne ilikuwa muzuri."

Muhuri ukapigwa, pikipiki ikaondoka saa sita na dakika tano. Gauni likamaliziwa kwa pasi ya makaa.

Ralonji sikuikata, ingawa Shefu alitaka. Nilimwomba aniachie mimi. Niliandika daftarini: kinyozi, wati kumi, kinanda, wati ishirini, Jumamosi tu, pasi, hapana. Nilijaribu kuwaeleza majirani kwamba ondulere ni kama mtumbwi, ukizidisha mzigo unazama. Watu wa ziwa walinisikiliza kwa heshima, kisha Papa Etabo akasema hajawahi kupanda mtumbwi ambao mzigo haukuzidi. Papa Asukulu aliporudi kutoka Fizi nilimsimulia yote. Alikagua kopo lake, akahesabu bisibisi, akauliza, "Ulihesabu mpaka ngapi?" Nikasema kumi na tano. Akatikisa kichwa kukubali na hakurudi tena kwenye swali la kuolewa.

Mlasi alifika Jumapili iliyofuata kwa gari lililotoka Kazimia, pamoja na watoto wengine wanane wa Baraka. Mama Nyasa alitazama goti kwanza, ndipo akatazama uso. Sitaeleza zaidi, nililia kama wengine. Halafu wakamwingiza kwa Mama Sifa wamvike gauni la njano, na sisi tukasubiri nje. Kimo kilikuwa sawasawa. Mabega hapana. Miaka miwili na nusu ya kuteka maji na kubeba kuni kambini ilimpa mabega ambayo karatasi haikuyaandika, na gauni halikupita.

Mama Nyasa akakaa chini kwenye mkeka. Siku zile nne hakulia, wala pale garini hakulia. Kwa gauni alilia.

"Leta," Mama Sifa akasema. "Nafungua mbavu zote mbili, natia kitambaa. Sawa ya kupumua tu." Akanyoosha mkono kuchukua pasi ya makaa, ikawa ya baridi, Jumapili hakuna aliyewasha.

Nilivuka uani nikafungua chumba cha mashine. Seva nikaizima vizuri, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa. Kisha nikaenda kwenye grupu, ambalo Jumapili haliguswi bila ruhusa ya maandishi, nikavuta kamba mara tatu, likakubali. Nikaiondoa ralonji nyeupe kwenye waya wa balbu, nikaivuta nje na kuichomeka moja kwa moja kwenye grupu, nikapiga kelele ukutani: "Mama Sifa, chomeka."

Kesho yake Shefu alifungua daftari la grupu akakuta nimeandika: Jumapili, saa tisa hadi saa kumi. Mzigo, wati elfu moja. Sababu, gauni la Mlasi. Alisoma mara mbili, akasogeza feni, akatia sahihi.